Ukipiga 115 na mtambo ukawa umezimika, nani atapokea?

Namba 115 ni ya bure. Uwe na salio au usiwe nalo, mama mjamzito akizidiwa usiku wa manane kijijini unaipiga, na upande wa pili anapokea mhudumu wa M-Mama. Atakuuliza dalili kwa kufuata mwongozo alionao, ataangalia kwenye kompyuta ni kituo gani cha afya kinachoweza kumpokea mgonjwa huyo, kisha atatafuta usafiri. Gari la wagonjwa likiwa mbali au halipo, anapigiwa dereva jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyekwisha kusajiliwa kwa kazi hiyo, na akimfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Utaratibu huu ulijaribiwa kwanza Shinyanga na Sengerema, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kuwa wa nchi nzima.

Kwa wasikilizaji wetu wa Uyui, Sikonge, Kaliua na Urambo hilo si jambo dogo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Sababu za kushuka huko ni nyingi. Lakini mkunga yeyote atakuambia kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa nyingi za kusubiri gari, hasa masika ambapo barabara ya kutoka kijijini imegeuka tope.

Leo tuangalie kitu kilichokaa katikati ya simu yako na dereva, ambacho hukioni wala hukisikii: seva. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake si kuandikia barua wala kutazamia mpira. Kazi yake ni kukesha ikihudumia kompyuta nyingine na simu. Swali la makala hii ni moja, na linahusu 115 kama linavyohusu 199 ya afya, 116 ya watoto, namba 100 ya kampuni yako ya simu na namba nyingine yoyote tunayoambiwa tuipige tukiwa na shida. Mashine hiyo ikizimika, kuna nini nyuma yake?

Simu moja, mikono mingi

Ukishabonyeza 115, simu yako inafika kwanza kwenye mnara ulio karibu, inaingia kwenye mtandao wa kampuni yako, na kampuni inaisukuma hadi kituo cha kupokelea simu. Pale kuna mtambo unaopanga foleni na kumtafuta mhudumu aliye huru. Kuna programu inayomwonyesha mhudumu vituo vya afya, madereva na namba zao. Na kuna ghala la kumbukumbu: nani alipiga, saa ngapi, dereva gani alitumwa, amelipwa au bado.

Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuanguka peke yake. Mtambo wa foleni ukianguka, simu inaita bila majibu au inakatika. Programu ikianguka, mhudumu anakusikia vizuri kabisa lakini hajui amtume nani. Ghala likianguka, mambo yanaweza kuonekana yanaendelea, na madhara yakaja baadaye.

Hayo ya baadaye ndiyo watu huyasahau, kwa hiyo nibaki hapo kidogo. Chukulia dereva jamii ametoka na mgonjwa saa nane usiku, akaendesha kilomita nyingi za vumbi kwa mafuta yake mwenyewe. Saa tisa ghala linaharibika, na nakala ya mwisho ilitunzwa jioni ya jana. Mafundi wanairudisha ile nakala, mfumo unawaka, kila mtu anashukuru. Ila safari ya saa nane haimo. Kwa mfumo, dereva yule hakwenda popote, na malipo hayatoki mpaka mtu afuatilie kwa karatasi na ushahidi wa hospitali. Mara ya pili ikitokea hivyo, simu yake ikiita usiku atageuka upande wa pili alale. Hakuna atakayemlaumu, na hakuna kompyuta itakayoonyesha kwamba kijiji kile kimepoteza dereva kwa sababu ya nakala iliyochelewa.

Kioo na picha

Mafundi wa TEHAMA hutofautisha mambo mawili ambayo sisi wengine huyachanganya. La kwanza ni kustahimili hitilafu: kitu kimoja kikifa, kingine kinashika kazi hapo hapo na mpiga simu hata asijue. La pili ni nakala rudufu: kumbukumbu zilizotunzwa pembeni ili zikiharibika huku zirudishwe kutoka kule.

Naomba niyaeleze hivi. Seva nyingi huandika kila kitu kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine ipo. Hicho ni kioo. Ukisimama mbele ya kioo umejipaka masizi, na kioo kinaonyesha masizi. Mtu akifuta orodha ya madereva kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili sekunde ile ile. Mhalifu akiingia akafunga mafaili ili alipwe ndipo ayafungue, yanafungwa pande zote mbili. Nakala rudufu ni picha uliyopiga jana na kuiweka kabatini kwa shangazi. Haikuonyeshi ulivyo sasa hivi, lakini masizi ya leo hayaigusi.

Kituo kinahitaji vyote viwili. Mwenye kioo tu, siku ya kosa la mkono hana pa kukimbilia. Mwenye picha tu, siku diski ikifa atafunga duka kwa saa kadhaa akirudisha kumbukumbu, na kwa namba ya dharura saa kadhaa ni nyingi mno.

Seva mbili zinazosaidiana nazo zina utaratibu wao. Moja inafanya kazi, nyingine inakaa macho. Ile inayofanya kazi hutuma ishara kila baada ya muda mfupi sana, kama mapigo ya moyo, kusema nipo. Mapigo yakinyamaza, ya pili inashika usukani. Tatizo huja pale ambapo zote mbili ni nzima ila waya uliopo kati yao ndio umekatika. Kila moja inadhani mwenzake amekufa, na zote zinaanza kutoa amri. Ni kama kitongoji chenye wenyeviti wawili: huyu anatuma gari, yule naye anatuma gari kwa mgonjwa huyo huyo, wakati mgonjwa mwingine hapati hata moja. Ndiyo maana mifumo iliyojengwa vizuri huweka shahidi wa tatu, mashine ndogo isiyopokea simu, ambayo kazi yake ni kuamua nani aliye hai.

Hesabu inayodanganya

Wauzaji wa mifumo hupenda kusema mtambo wao unafanya kazi kwa asilimia 99 ya muda. Inapendeza masikioni. Lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia moja ya hizo ni saa 87 na nusu hivi, yaani siku tatu na zaidi ya nusu ambazo ukipiga hupokelewi. Duka la nguo mjini linaweza kuvumilia hilo. Mama mwenye kifafa cha mimba hawezi.

Sasa weka mitambo miwili ya namna hiyo. Kila mmoja ukiwa umezimika saa moja kati ya mia, uwezekano wa yote miwili kuzimika pamoja ni mmoja kati ya elfu kumi. Siku tatu na nusu zimeshuka hadi chini ya saa moja kwa mwaka. Ni hesabu nzuri kweli, na ndiyo inayowafanya wakubwa wasaini mkataba.

Ila hesabu hiyo ina sharti ambalo mara nyingi halisomwi: kufa kwa mmoja kusiwe na uhusiano wowote na kufa kwa mwenzake. Vikiwa chumba kimoja, umeme mmoja, njia moja, programu moja au mikononi mwa mtu mmoja, basi ile moja kati ya elfu kumi haipo. Ukiangalia ajali kubwa za mifumo ya miaka hii ya karibuni, mara nyingi akiba ilikuwapo. Kilichotokea ni kwamba akiba ilikufa kwa sababu ile ile iliyoua cha kwanza, au haikuamshwa.

Chumba kimoja

Septemba 26, 2025, huko Daejeon, Korea Kusini, moto ulizuka kwenye kituo kinachotunza mifumo ya serikali ya nchi ile. Ulianzia kwenye betri za lithiamu zilizokuwa zikihamishwa. Betri hizo ni zile za akiba, zinazowekwa ili umeme ukikatika seva zisizimike. Yaani kinga ndiyo iliyowaka. Mifumo 709 ilizimwa, na ghala moja ambalo watumishi wa serikali walihifadhia mafaili yao ya kazi, lenye ukubwa wa terabaiti 858, likateketea bila nakala nje ya jengo. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kuwekewa nakala kwingine. Korea Kusini ni nchi inayotuuzia simu na televisheni.

Kabla ya hapo, Machi 10, 2021, kituo cha kampuni ya OVH kiliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa wanalipia nakala rudufu kila mwezi. Baada ya moto wakagundua kwamba nakala hizo zilikuwa zikitunzwa pale pale.

Ukisikia hayo unaweza kusema basi tuweke nakala mbali. Ni kweli, ila mbali nako kuna gharama yake. Mpaka mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Safaricom ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Muamala wa mama ntilie wa Kisumu ulivuka bahari kwenda na kurudi. Zilihamishiwa Kenya mwaka huo, na moja ya faida ilikuwa kutotegemea tena njia ndefu hiyo. Kwa hiyo mbali inayofaa ni ile ambayo moto wa huku haufiki, lakini barabara ya kwenda haikatikikatiki. Kwetu, kama seva ziko Dar es Salaam, ambako ndiko kilipo Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, akiba iliyopo Dodoma au Mwanza ina maana. Akiba iliyopo ghorofa ya pili ya jengo lile lile haina.

Njia moja

Jumapili ya Mei 12, 2024 wengi mnaikumbuka, hata kama hamkujua sababu yake. Intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika siku hiyo hiyo upande wa Afrika Kusini. Yote miwili inafika Dar es Salaam. Ni mikongo ya wenyewe tofauti, na kampuni iliyokodi kwenye yote miwili iliamini ina njia mbili. Kumbe njia hizo mbili zilipita kwenye bahari ile ile, karibu karibu, na kilichoukuta mmoja kikaukuta na mwingine.

Umeme nao ni njia moja. Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikaamkia giza. Siku kama hiyo minara ya simu ya kampuni zote inaingia kwenye betri na jenereta kwa wakati mmoja, na betri zinapoisha zinaisha zote takriban pamoja. Kuwa na laini za mitandao mitatu mfukoni kunakusaidia mnara mmoja ukiharibika. Gridi ikizimika, kunakusaidia kidogo tu.

Na mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nalitaja hapa kwa sababu ya kiufundi: hata ungekuwa na seva kumi katika mikoa kumi, zinazozungumza kwa intaneti ya kawaida, zote zinakuwa mabubu kwa pamoja. Huduma ya dharura inayotegemea intaneti inahitaji waya wake wa pembeni, au iweze kufanya kazi kwa simu ya sauti na karatasi.

Akiba isiyoamka

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho kila anayeendesha namba ya dharura angepaswa kukijua. Usiku wa kuamkia Aprili 10, 2014, watu zaidi ya milioni 11 katika majimbo saba walikosa huduma ya 911 kwa takriban saa sita. Simu zaidi ya 6,600 hazikufika. Mwanamke mmoja wa Seattle, mtu akiwa anavunja nyumba yake aingie, alipiga mara 37.

Haukuwa moto wala umeme. Katika kituo cha Englewood, Colorado, kulikuwa na programu iliyokuwa inaipa kila simu namba yake. Aliyeiandika aliiwekea kikomo, milioni 40, pengine akidhani ni mbali sana kufikiwa. Usiku ule ikafikiwa. Programu ikaacha kutoa namba, na simu isiyo na namba haikwenda kokote. Mtambo wa akiba ulikuwapo, mzima, mjini Miami. Ila mtambo wa Colorado haukuwa umekufa. Ulikuwa unapumua, mapigo yake yanasikika, ila haufanyi kazi. Kengele za tahadhari zililia, lakini mfumo ulizihesabu kuwa ni za jambo dogo. Simu zilipohamishiwa Miami ndipo huduma ikarudi.

Ukitaka kujua kama mtambo wako wa akiba unafaa, njia iliyopo ni kuuzima ule mkuu kwa makusudi, mchana, mafundi wakiwa macho, uone. Na nakala rudufu isiyowahi kurudishwa kwa majaribio usiiite nakala, iite matumaini. Wakubwa wengi hawapendi majaribio haya kwa kuwa yakishindikana ni aibu. Afadhali aibu ya Jumanne saa nne asubuhi kuliko ya Jumamosi saa tisa usiku.

Ghala la Ujiji na njia ya Mirambo

Sisi wa Mtendeni na Tabora nzima tumezaliwa kwenye njia ya misafara, na somo hili lilipita hapa kabla ya kompyuta. Mwaka 1871 Dkt. Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, akitarajia shehena yake ya nguo na shanga, ambayo kwa zama zile ndiyo ilikuwa pesa. Akakuta aliyekabidhiwa mali ile ameiuza yote. Ghala moja, mtunzaji mmoja. Shehena yake nyingine ilikuwa Unyanyembe, huku kwetu, lakini njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mtemi Mirambo dhidi ya Waarabu wa Tabora. Akiba ipo, barabara hakuna.

Stanley, aliyekuwa akimtafuta, alikutana na kizuizi hicho hicho. Msafara wake ukazunguka kusini kabisa ya vita, safari ndefu zaidi na ya taabu, ukafika. Viongozi wa misafara na wapagazi wa Kinyamwezi waliijua nchi na njia za pembeni kabla hazijahitajika. Walipofuatana hadi Kwihara mwanzoni mwa 1872, Livingstone alibaki pale kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, akisubiri wapagazi na mahitaji hadi Agosti. Ni miezi mitano tangu Stanley aondoke.

Siwageuzi wapagazi kuwa mafundi wa seva. Ninachosema ni kwamba kwa mtu wa njia ya msafara, wazo la kuwa na ghala la pili kwa mtu mwingine, na njia ya pili isiyopita kwenye vita hiyo hiyo, si geni.

Mei 2021, tulipokosa LUKU

Mfano wetu mkubwa wa nyumbani si wa namba ya dharura, ila unafundisha. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU uliharibika, na kwa siku kadhaa wateja wa TANESCO walishindwa kununua umeme kwa simu na kwa mawakala. Wakaambiwa waende ofisi za shirika. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, akawasimamisha kazi maofisa wa TEHAMA wa shirika hilo.

Kuna mambo mawili pale. Kwanza, ofisi zilikuwa ndiyo njia ya akiba, na ilifanya kazi kwa namna yake, kwa mtu anayekaa karibu na ofisi. Mwenye mashine ya kusaga kijijini alihesabu nauli ya kwenda wilayani na kurudi, pamoja na siku nzima bila kazi. Njia ya akiba iliyopangwa na watu wa mjini mara nyingi hubeba gharama na kuitua mgongoni kwa mtu wa kijijini. Pili, kuwasimamisha watu kunatuliza hasira, lakini hakuongezi seva. Swali lililopaswa kuulizwa hadharani ni kama mfumo ule ulikuwa na mwenzake, na kama mwenzake huyo alikuwa na bajeti. Mara nyingi fundi huomba mtambo wa pili miaka mitatu mfululizo na kujibiwa kwamba wa kwanza bado unafanya kazi.

Ni kweli kwamba viwili vya kila kitu ni gharama, na fedha hiyo hiyo ingenunua gari la wagonjwa. Sidhani kila namba ya huduma inahitaji kinga ya kiwango cha juu. Ukipiga namba ya kampuni kuuliza kifurushi ukakosa saa mbili, utaishi. Kwa 115 mpangilio unapaswa kuwa mwingine. Sauti kwanza: simu ifike kwa binadamu, hata kompyuta zote zikiwa giza. Pili orodha ya madereva na vituo iwe imechapwa kwenye karatasi na kusasishwa kila wiki, ikae mezani kwa mhudumu, ili aweze kupiga kwa simu yake ya mkononi. Karatasi haina mtindo, lakini haihitaji umeme wala nywila. Kumbukumbu za malipo ya madereva ziandikwe mahali pawili papo hapo, kwa sababu niliyoeleza hapo juu. Ripoti na takwimu za mwezi zinaweza kusubiri nakala ya usiku.

Na nakala zikiongezeka, mahali pa kuvuja pameongezeka. Kumbukumbu za simu hizi zina majina ya wagonjwa na hali zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zilindwe, na hilo linahusu nakala ya kabatini sawa na ile ya kwenye seva.

Kwa upande wako msikilizaji

Mkutano wa kijiji ukija, au diwani akipita, au maofisa wa afya wakija kuhamasisha 115, wapigie makofi kisha waulize. Kompyuta zikizima, mhudumu anatumia nini? Mara ya mwisho kuzima kwa majaribio ilikuwa lini? Dereva wetu akitoka usiku mfumo ukiwa umeharibika, malipo yake yanafuatiliwa na nani? Hayo si maswali ya wataalamu. Mtu anayeendesha mfumo vizuri ana majibu yake mdomoni, na asiye nayo utamjua kwa jinsi atakavyoanza kuzungumzia changamoto.

Nyumbani kwenye mjamzito, andikeni namba kwenye karatasi, msiziache kwenye simu tu, kwa sababu simu nayo ni kifaa kimoja kisicho na nakala. Ibandikeni ndani ya kadi ya kliniki au nyuma ya mlango: 115, namba ya mhudumu wa zahanati, ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ya dereva mmoja au wawili wa karibu. 115 ikigoma kwenye laini yako, jaribuni kwa simu ya jirani mwenye mtandao mwingine, kwa sababu huenda tatizo ni la kampuni yako tu na kituo ni kizima. Ikigoma na huko, msiendelee kubonyeza. Mpigieni wa zahanati, na mtu mwingine aende kwa dereva kwa miguu au kwa baiskeli wakati huo huo, si baada ya simu kushindikana mara ya kumi. Madereva hubadilisha laini mara kwa mara, kwa hiyo mimba ikifika mwezi wa nane zipigeni namba zote zilizo kwenye karatasi hiyo mchana, mhakikishe zinaita na anayepokea ndiye.